Hesabu Huanza Nyumbani

Hotuba ya Kamati ya Watoto na Jamaa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, mjini Nakuru



Mweka Hazina amekwisha kutusomea hesabu ya fedha za Chama, na kila mmoja wetu alitega sikio, kwa kuwa sote twajua ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini iko hesabu nyingine ambayo haimo katika daftari la Mweka Hazina, nayo ni hesabu iliyomo vichwani mwa watoto wetu. Hiyo wengi wetu tumemwachia mwalimu peke yake, kana kwamba sisi wazazi hatuna fungu katika kazi hiyo.

Katika kuzuru nyumba za wanachama tumesikia maneno ya namna moja mara nyingi. Mama hutuambia, "Mimi sikupata kusoma, nitamfundisha nini mtoto wa siku hizi?" Baba hutuambia, "Nimenunua vitabu na sare. Iliyobaki ni kazi ya mwalimu." Naye mtoto mwenyewe, akiulizwa mbele ya wageni saba na nane ni ngapi, huinamisha kichwa na kunyamaza. Kisha mtoto huyo huyo, jioni ile ile, hutumwa dukani na noti ya shilingi 200, akarudi na unga, sabuni na chenji kamili. Basi hatuwezi kusema kwamba mtoto huyu hajui hesabu. Kilichomfunga ulimi ni hofu, maana amezoea kwamba hesabu ni jambo la kukemewa, na kwamba akikosea atachekwa.

Hofu hiyo yataka kutazamwa mapema. Mtoto anayeiogopa hesabu akiwa mdogo huikwepa anapokua, na kazi nyingi zahitaji hesabu: useremala, uuguzi, ukulima wa kupima mbegu na mbolea, biashara, na hata uweka hazina wa chama kama hiki chetu. Tusipoangalia, tutakuwa na vijana wenye akili nzuri waliojifungia wenyewe milango hiyo.

Neno letu la leo ni hili: jamaa wakicheza na mtoto mchezo wa kuhesabu, robo saa tu, wakati mwingi wa juma, humwondolea hofu na kumzoeza hesabu, tena kazi hii yaweza kufanywa na mzazi asiyejua kusoma hata herufi moja.

URITHI TULIO NAO

Si lazima tuende mbali kutafuta michezo. Karibu na mji wetu huu, kwenye kilima cha Hyrax Hill ambako Mary Leakey alichimba mwaka wa 1937 na 1938, yako mabao yaliyochongwa katika mwamba, safu kwa safu za vishimo. Watu walioishi nchi hii zamani waliketi hapo wakicheza. Na hata leo Waluo wana ajua yao, Wakikuyu wana giuthi, Wamaasai wana enkeshui, na ndugu zetu wa pwani wana bao. Majina ni mbalimbali na kanuni ni mbalimbali, lakini kazi ni moja: kuchukua kete, kuzipanda moja moja katika mashimo, na kuona mbele mahali itakapoangukia ile ya mwisho.

Tulitazame bao la Kiswahili kwa jicho la hesabu. Ubao una safu nne za mashimo manane manane; ndiyo mashimo 32, na kila mchezaji ana 16 yake. Kete zote ni 64, na aghalabu huwa ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu. Kila mchezaji ana kete 32. Mchezo ukianza, huweka 6 katika nyumba, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili yaliyo kando yake. Hizo ni 10. Zilizobaki 22 huziweka mkononi kama ghala. Mzee anayepanga kete hizi amejumlisha, ametoa na amegawanya kabla hajacheza hata mara moja, wala haoni kwamba amefanya hesabu.

Tena iko hesabu ya ndani zaidi. Mchezaji akizungusha kete katika mashimo yake 16, akaanzia shimo linalofuata, kete ya 16 itarudi katika shimo alilotoka. Basi akiwa na kete 17, ya mwisho itaangukia shimo moja mbele ya hapo. Akiwa na 19, matatu mbele. Mwenye kulijua hilo hahesabu tena kidole kwa kidole. Anatoa 16 kwanza, kisha anatazama salio. Hayo ndiyo mambo ambayo mtoto ataambiwa shuleni kwa jina la kugawanya na kubakiza, na angalikuwa amekwisha kuyashika kwa vidole vyake ikiwa babaye angalimketisha karibu.

Hapa, Bwana Mwenyekiti, hatuna budi kusema neno ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya wazee. Wengi wa mabingwa wa bao na dama huchezea mbali na nyumba zao, chini ya mti au mlangoni pa duka, na watoto wakikaribia hufukuzwa kama nzi. Akina mama na binti ndio huachwa mbali zaidi. Ikawa ya kwamba baba ana elimu nzuri ya hesabu mikononi mwake, na mtoto wake analia juu ya daftari nyumbani. Hatusemi wazee waache baraza yao. Twasema siku mbili au tatu za juma ubao urudi nyumbani, na binti aketi mbele yake sawa na kijana.

MTOTO AJUAYE SOKONI NA MTOTO ASIYEJUA DARASANI

Huenda mtu akauliza kama mchezo waweza kweli kumsaidia mtoto katika hesabu za shule. Tutatoa ushahidi wa namna mbili, mmoja wa kutuonya na mmoja wa kututia moyo.

Wa kutuonya watoka Brazil. Mwaka wa 1985 wataalamu watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitoa habari za watoto watano wachuuzi katika mji wa Recife, wenye umri wa miaka 9 hadi 15. Watoto hao walipoulizwa bei penye biashara yao, walijibu sawasawa mara 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu zizo hizo kwa kalamu na karatasi, tarakimu tupu bila nazi wala matunda, walipata mara 37 tu katika kila 100. Mmoja wao, wa miaka 12, aliulizwa nazi kumi zitakuwa bei gani ikiwa nazi moja ni 35. Hakuongeza sifuri kama wafundishavyo shuleni. Alijua kwamba nazi tatu ni 105. Akaongeza tatu nyingine, 210. Na tatu tena, 315. Kisha akaongeza moja, akafika 350. Njia ni ndefu, lakini ni njia ya haki, na jawabu ni sahihi.

Yeyote kati yetu aliyewahi kumwona mtoto wa soko la hapa akiuza ndizi au nyanya ataitambua habari hiyo mara moja. Hesabu ya kinywa ipo. Kinachokosekana ni daraja la kuivusha mpaka kwenye karatasi. Kwa hiyo mchezo wa nyumbani usiishie kinywani. Utakapokwisha, mtoto na aandike katika daftari dogo nani alipata ngapi, zilibaki ngapi, na nani alimzidi mwenzake kwa ngapi. Mistari miwili yatosha. Mzazi asiyejua kuandika naye aseme, "Nionyeshe ulivyoiandika," na mtoto amweleze. Hapo mtoto amekuwa mwalimu, na mtu hulishika vema neno analomfundisha mwingine.

Ushahidi wa kututia moyo watoka Marekani. Mwaka wa 2008 Geetha Ramani na Robert Siegler waliandika habari za watoto wadogo wa jamaa maskini ambao walikuwa hawajaanza shule ya msingi. Fungu moja la watoto lilicheza kwenye ubao wenye vyumba vilivyofuatana katika mstari mmoja, vimeandikwa 1 hadi 10, na kila mtoto alitaja nambari alipokisogeza kipande chake. Fungu la pili lilicheza mchezo uo huo, ila vyumba vyake vilikuwa na rangi badala ya nambari. Muda wote wa kucheza ulikuwa kama saa moja tu, uliokatwa katika vipindi vifupi. Wale wa nambari waliendelea mbele katika kuhesabu, katika kuzitambua tarakimu, na katika kujua ipi ni kubwa kuliko nyingine. Na baada ya majuma 9 walikuwa bado wanayo faida hiyo. Wale wa rangi hawakuendelea. Saa moja, wazee wetu! Nani miongoni mwetu hana saa moja ya kumgawia mtoto katika mwezi?

MICHEZO MITANO YA KUANZIA

Kamati imechagua michezo mitano isiyohitaji fedha. Tunaieleza kuanzia ule wa mtoto mdogo kabisa.

Wa kwanza ni vijiwe kumi. Mzazi na mtoto wahesabu pamoja vijiwe kumi. Kisha mzazi hufunika baadhi kwa kikombe na kuviacha vingine wazi. Mtoto akiona vinne, aseme vilivyofichwa ni vingapi. Kikombe kikifunuliwa, vijiwe vyenyewe ndivyo vinavyomsahihisha, wala hapana mtu wa kumkemea. Baadaye mtoto afiche, na mzazi akisie. Mzazi mwerevu hukosea mara moja moja kwa makusudi, ili mtoto apate raha ya kumwambia, "La, mama, hesabu tena!"

Wa pili ni njia ya nambari, mfano wa ule wa Ramani na Siegler. Chora vyumba kumi katika mstari kwa makaa juu ya kipande cha kartoni, na uandike 1 hadi 10. Kila mchezaji ana punje ya hindi, naye husogea chumba kimoja au viwili kwa kuokota kikaratasi chenye 1 au 2. Sharti moja tu lishikwe: mtoto aliye kwenye 5 akipata 2 asiseme "moja, mbili," bali aseme "sita, saba," yaani majina ya vyumba anavyovikanyaga. Hapo ndipo ilipo faida ya mchezo. Mtoto akiizoea, ongezeni vyumba mpaka 20, na baadaye mpaka 100.

Wa tatu ni trei ya mayai. Trei moja ina mashimo 30, safu tano za sita sita. Wachezaji wawili, kila mmoja na trei yake, hurusha dadu na kujaza maharagwe kwa kadiri walivyopata. Kila mara mchezaji hutaja yaliyomo na mashimo yaliyobaki: "Yamo kumi na saba, bado kumi na tatu." Wa kwanza kujaza 30 ndiye mshindi, lakini lazima amalize kwa nambari kamili. Kwa trei hiyo hiyo mtoto huona kwa macho kwamba sita mara tano na tano mara sita ni kitu kimoja, kwa kuigeuza tu upande.

Wa nne ni duka la nyumbani. Vifuniko vya chupa huwa sarafu za shilingi 1, 5, 10 na 20, na vipande vya karatasi huwa noti. Mtoto awe mwenye duka. Kazi kubwa ni kurudisha chenji kwa kupanda, kama wafanyavyo wauza duka wazoefu. Kitu ni cha shilingi 35 na mnunuzi ametoa 100: mwenye duka huweka 5, akasema "arobaini", huweka 10, akasema "hamsini", huweka noti ya 50, akasema "mia." Kisha ahesabu alichorudisha: 65. Mtoto aliyezoea hivi hadhulumiki kwa urahisi, wala hamdhulumu mtu kwa kutojua.

Wa tano ni karata za tarakimu. Kateni kartoni vipande ishirini na kuviandika 0 hadi 9 mara mbili. Kila mchezaji huchukua viwili na kuvipanga ili apate nambari kubwa kadiri awezavyo. Mwenye 3 na 8 huamua kama atasema 38 au 83. Mwenye nambari kubwa hushinda, na tofauti kati ya nambari mbili ndiyo alama yake. Mchezo huu humfundisha mtoto mahali pa makumi na mahali pa mamoja, jambo ambalo huwatatiza wengi.

Na mtoto anayeiweza michezo hii mitano apandishwe kwenye bao, kwanza lile la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili. Mashimo 16 kwa kete mbili mbili ni 32. Hapo pia aulizwe kabla hamjaanza.

MASHARTI YA KUCHEZA

Mchezo waweza kuharibiwa, ukawa kero kama adhabu. Kwa hiyo twaomba masharti manne yashikwe.

Kwanza, mtoto ahesabu kabla ya kugusa. Aseme kete ya mwisho itaangukia wapi, kisha acheze na kujionea.

Pili, mzazi aulize, "Umejuaje?" Aulize jawabu likiwa sahihi na likiwa si sahihi, kwa sauti ile ile. Tukiuliza palipo makosa tu, mtoto ataona kwamba kuulizwa ni kushitakiwa.

Tatu, mkubwa asimnyang'anye mdogo zamu yake. Kaka na dada wakubwa wana haraka, waambiwe wangoje. Mtoto anayefikiri polepole bado anafikiri.

Nne, mchezo ukome mtoto akiwa bado anautaka. Robo saa yatosha. Akichoka, vijiwe hurudi katika kopo mpaka kesho.

MASWALI TULIYOULIZWA

Akina mama wametuuliza wataupata wapi wakati, maana mtu hurudi kutoka kazini jua limekuchwa, na maji, kuni na chakula vyamngoja. Swali hili ni la haki. Jawabu letu ni kwamba michezo mingine yaweza kuchezwa huku mikono ikifanya kazi. Githeri inapochemka kuna nafasi. Mama anayechambua maharagwe aweza kusema, "Nina kumi na mbili hapa, nikikupa nusu nitabaki na ngapi?" Wala kazi hii si ya mama pekee. Babu na nyanya wana subira kuliko sisi, nao wengi hukaa peke yao wakitamani mtu wa kuzungumza naye. Na baba aliye nyumbani huku akiitazama simu yake, twamwomba aiweke chini kwa robo saa.

Wazee wengine wameogopa dadu na karata, wakisema ni mlango wa kamari. Hofu hiyo twaiheshimu, maana vijana wa leo wana kamari ndani ya simu zao, na tumeona mishahara ikiisha kwa namna hiyo kabla ya kodi ya nyumba kulipwa. Kanuni yetu ni kwamba mchezo wa nyumbani hauchezwi kwa fedha, wala kwa kitu chenye thamani, hata senti moja. Lakini twaongeza neno. Mtoto aliyerusha dadu mara mia na kuandika yaliyotokea ataona kwa macho yake kwamba dadu haina deni na mtu; aliyekosa 6 mara kumi hana haki ya kuipata mara ya kumi na moja. Na atakapokuwa mkubwa ataweza kuhesabu kwamba mwenye kuendesha kamari hujikatia fungu lake kwanza, na wanaocheza hugawana pungufu. Kijana ajuaye kuhesabu hivyo ana ngao.

Walimu nao wametuuliza kama twataka kuwapokonya kazi yao. La hasha. Mchezo hautoshi peke yake. Jedwali la kuzidisha lahitaji kukaririwa, na mazoezi ya daftari hayana budi kufanywa. Twataka tu mtoto afike mbele ya mwalimu bila hofu, na vidole vyake vimekwisha kuijua njia.

OMBI LETU

Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. La kwanza, kila mwanachama mwenye mtoto nyumbani acheze naye mmoja wa michezo hii angalau mara nne katika majuma mawili yajayo, robo saa kila mara. La pili, kila tawi lichague mzee mmoja na mama mmoja wanaojua bao, ajua au giuthi, wawafundishe watoto wa tawi, wavulana na wasichana pamoja, siku moja katika mwezi. La tatu, mafundi seremala walio miongoni mwetu watusaidie kuchonga mbao chache za bao kutokana na mabaki ya kazi zao, ili tawi lisilo na ubao lipate wa kuazima.

Hayo si mambo ya gharama, wala hatuombi fungu katika fedha alizozisoma Mweka Hazina. Twaomba muda wenu. Samaki mkunje angali mbichi; na watoto wetu wangali wabichi.

Wenye maswali watatukuta hapa mkutano utakapokwisha, tukiwa na kopo la vijiwe na kikombe.